Mwalimu Aliyengoja Maji Yapungue

Rafiki yangu wa Mandawa amefariki, na tangu nipate simu ya mkewe nimeshindwa kuandika neno la upole. Mniwie radhi, wasomaji wangu. Amefia kando ya mto wa mchanga ambao miezi mingi ya mwaka hata kuku anauvuka, akiwa amelala kwenye kitanda cha kamba, akingoja maji yapungue apelekwe hospitali. Gari la kumchukua lilikuwa ng'ambo, taa zinawaka, analiona. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa Kanda ya Ziwa aliyepangiwa kazi Nachingwea ujanani, akaoa Ruangwa, akastaafu na kubaki huko kulima korosho na ufuta. Kilichotukutanisha ni miguu: alipenda kutembea, na alipenda zaidi kunitembeza mimi.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, alinishawishi tutoke upande wa Nambambo na mabegi mgongoni, tufuate mito mikavu mpaka kwake, tukilala njiani. Kwa nini watu wazima wenye nauli mfukoni walale porini, hakuna aliyetuelewa. Kila kijiji walituuliza tunatafuta madini gani. Mwalimu alipojibu kwamba tunatembea tu, mwenyekiti mmoja wa kijiji alicheka akasema, "Sawa, mwalimu. Mkiyapata, msitusahau." Mimi miguu imejaa malengelenge, mchanga umeingia mpaka kwenye mkate, na yeye yuko mbele ananihubiria uzuri wa mto kama barabara: hauna miba, hauna vumbi, na ukichimba kidogo unapata maji ya kunywa. Nilimchukia kwa dhati.

Siku ya pili tulifika mahali mto unapopinda, akataka tuhamie ukingo wa pili wenye kivuli. Aliponiona nimechoka alibeba mabegi yote mawili, akavuka, akayatua. Mimi nilikuwa nimekaa navua viatu nikung'ute mchanga. Hapo tukasikia mvumo. Juu yetu hakukuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu. Maji yalikuja na povu na magogo, na kabla sijasimama vizuri mto ulikuwa umejaa kati yetu. Chakula, sufuria, blanketi, vyote viko kwake. Mimi nina viatu.

Alichofanya baada ya hapo kiliniudhi kuliko mafuriko yenyewe. Aliwasha moto, akasonga ugali, kisha akapaza sauti, "Chumvi uliiweka wapi?"

"Njoo uitafute huku!" nikamjibu.

"Acha hasira, mzee. Mboga bila chumvi italika?"

Nikamwambia navuka, maji yenyewe ya kiunoni tu. Akasimama wima. "Ukitia mguu, mimi nafunga mizigo naondoka. Siji kukuopoa!" Kisha akaanza kunichokoza kwa kila alichokijua: timu yangu inavyofungwa, shamba langu la mihogo lililoliwa na nguruwe, kitambi changu. Nami nikawa namrudishia, na kila nilipokuwa namrudishia nilikuwa bado nimesimama ukingoni, sijaingia. Tuligombana hivyo mpaka jua likashuka na mto ukabaki vijito vyembamba. Nilipovuka nilikuta ugali wote upo, umefunikwa kwa sahani. Hakuwa ameuonja. Nilikula nimenuna, naye akaniambia kwamba maji ya namna ile hayakai, anayekufa ni yule anayeshindwa kungoja.

Miaka imepita. Siku hizi vijana wa kule wana bodaboda na simu za kisasa, na gari la wagonjwa ukiliita linakuja. Yote hayo yamefika, yakaishia ukingoni. Mwalimu alishikwa na tumbo asubuhi, na mvua ya huko juu ilikuwa imetangulia. Mkewe alinisimulia msibani akiwa amekauka machozi: "Shemeji, vijana walitaka kumbeba mabegani wavuke naye. Kakataa. Kasema hataki mtoto wa mtu azame kwa ajili yake, tungoje, yatapungua. Basi tukangoja." Na kweli yalipungua. Gari lilipovuka lilimkuta keshakata roho.

Pale msibani watu walisimama mmoja baada ya mwingine kuisifu subira yake. Mgeni mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri alisema marehemu ametufundisha kungoja. Niliombwa niseme neno, nikakataa, maana ningeharibu msiba wa watu. Nalisema hapa. Kungoja ni akili kwa mtu aliyetoka kutembea, mzima wa afya, ambaye akichelewa atanuna tu. Mgonjwa hana nafasi hiyo. Kila masika tunashangaa mto kujaa kana kwamba umehamia mwaka huu, na kila kiangazi tunapita juu ya mchanga mkavu bila hata kuutazama. Tumewazoesha watu kuvumilia kitu ambacho kingeweza kuondolewa, kisha tunawapamba kwa sifa wakiwa kwenye jeneza. Inaudhi. Mwalimu alikuwa sahihi mara zote mbili. Mara ya kwanza aliniokoa mimi. Mara ya pili aliwaokoa watoto wa wenzake, na yeye hakupata wa kumwokoa. Wanaotaka kumkumbuka waache kuisifu subira yake. Wajenge daraja.