Jani Gumu Halipepesi

Kuna sentensi moja niliiandika nikijivuna kuliko zote: "Jani gumu halipepesi jicho." Niliiandika kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, juu ya kichwa cha shujaa niliyempenda zaidi, nikaipigia mistari miwili. Ningejua itakakofika, ningeunywa ule wino wote. Wala sitii chumvi.

Tulikuwa watu watatu, mama, mdogo wangu wa kike na mimi, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, ukitoka Kericho kuelekea Bomet. Mama ni mtu wa ziwani. Alikuja huku kuchuma chai kabla sijazaliwa, na mpaka leo kuna watu wanamwuliza atarudi kwao lini. Mimi pia nilichuma, ingawa mkono wangu ulipenda kalamu kuliko kikapu. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alizaliwa na sikoseli. Baridi ikizidi, na kwetu baridi haiendi likizo, damu ilikwama kwenye mifupa yake na mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Macho yake yalikuwa ya manjano. Shuleni walimwita Paka.

Siku moja alirudi saa nne asubuhi, akatupa mkoba mlangoni, akasema hata mwalimu alimcheka, na harudi huko tena hata afungwe kamba. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilishavaa gambuti nikamtafute huyo mwalimu aliyecheka pamoja na watoto. Mama akasimama mlangoni. "Utapigana na shule nzima?" akaniuliza. Kwa vile sikuweza kupigana na shule nzima, nilikaa chini nikaanza kuchora katuni ya mashujaa.

Mchumaji anatakiwa alete majani mawili na chipukizi, laini. Ukichanganya na yale yaliyokomaa, karani wa mizani anayachambua na kuyatupa chini mbele ya watu, na wewe unasimama hapo kama mwizi. Hayo tunayaita majani magumu. Nikakipa kikosi changu jina hilo: Majani Magumu. Walikuwa mashujaa wanne, wote wametupwa. Kulikuwa na nyanya aliyefutwa kazi mashine za kuchuma zilipoletwa, na vidole vyake vingeweza kuchuma hata jiwe likiwa hewani. Fundi wa kiwanda aliyezibwa masikio na kelele alisikia mawazo ya watu. Mwanamume mmoja mfupi kuliko mti wa chai alipita chini ya shamba zima bila jani kutikisika. Wa nne alikuwa msichana wa macho ya manjano, na macho hayo yaliona ndani ya ukungu. Adui wao alikuwa meneja aliyewageuza wafanyakazi kuwa mashine, mmoja mmoja, akianza na mikono.

Mdogo wangu alisoma toleo la kwanza mara tatu. Kisha akaniambia, "Sista, pua yangu umeikuza," na nikajua amependa. Nilipiga kurasa picha kwa simu nikazituma kwa wachumaji wenzangu, nao wakatuma kwa ndugu zao. Mwezi haujaisha, nikapata ujumbe kutoka Sigowet, halafu Fort Ternan, watu ambao hatujawahi kuonana wakiuliza toleo la pili liko wapi. Shuleni, wale wale waliomwita Paka walianza kumwomba awachungulie ukungu awaambie basi la mwalimu mkuu limefika wapi. Alirudi darasani akitembea kifua mbele. Nilifurahi mpaka nikawa mjinga.

Desemba ilipofika, kijana wa jirani yetu alitoka jandoni. Jirani huyu ni mama Mkipsigis aliyetuletea maziwa kila asubuhi, mdomo wake mkali na mkono wake mpana. Siku hiyo waliimba kutoka ng'ambo ya bonde mpaka kwetu. Kila aliyefika alisema jambo moja: hakupepesa jicho. Kisu kilipokuja, hakupepesa. Wanawake walipiga vigelegele kwa sababu ya hilo jicho, na baba yake alitembea kana kwamba ameongezwa urefu. Sisi tulikaribishwa, tukala na tukanywa mursik, maziwa yao ya mgando, lakini tulikuwa wageni. Mvulana mmoja akamwambia mdogo wangu kwa mzaha kwamba watu wa ziwani, kwa kuwa hawaendi jandoni, hubaki watoto hadi uzeeni.

Tuliporudi nyumbani alimwuliza mama, "Na sisi tunaonyesha wapi kwamba tumekomaa?"

Mama akacheka. "Zamani kwetu waling'olewa meno sita ya chini. Nikuletee koleo?"

Mama alicheka peke yake. Mtoto alinigeukia mimi, na mimi, kidomodomo, nikamwambia nitampa jibu kwenye toleo la pili.

Katika toleo la pili, kila anayetaka kuingia Majani Magumu anasimama alfajiri katikati ya mto, maji mpaka magotini, na maumivu yote aliyowahi kuyapata maishani yanamrudia kwa pamoja. Akipepesa jicho, anarudi nyumbani. Nyanya alisimama, fundi akasimama, na mfupi naye akasimama juu ya jiwe. Msichana wa macho ya manjano akaingia wa mwisho, mifupa yake ikiwaka kama kuni, akatazama mbele. Juu ya kichwa chake ndipo nilipoandika ile sentensi. Watu waliipenda kupita kiasi. Kuna aliyeichora nyuma ya trela ya trekta.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoua.

Tangu mwezi wa Januari mdogo wangu aliacha kulia. Tulizoea kuamshwa na kilio chake mara mbili au tatu kwa mwezi. Sasa nyumba ikawa kimya. Ukimwuliza, alisema yuko sawa. Alikuwa akijilaza mapema, akijifunika blanketi mpaka kichwani, na sisi tukasema usingizi umemrudia. Alipochechemea alisema viatu vinambana. Mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya binti yake, kanisa zima likasema amina, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Tulikuwa tunamshukuru Mungu kwa kimya cha mtoto. Nyasaye, Mungu wangu! Hata sasa nikikumbuka yale makofi natamani kujificha.

Ikaja Julai, na Julai yetu unaijua: ukungu hauondoki mpaka saa sita, nguo hazikauki, na watoto wanakohoa. Mama alikuwa shambani. Mimi nilibaki nyumbani kumaliza toleo la tisa, kwa sababu wasomaji walikuwa wakinisumbua na nilipenda kusumbuliwa. Nilihitaji uso wa msichana wa macho ya manjano akiwa amezingirwa. Nikamwambia mdogo wangu akae kwenye kigoda karibu na dirisha nimtazame.

"Usisonge," nikamwambia.

"Sisongi."

Alikaa. Nilimchora karibu saa nzima. Niliona jasho kwenye paji la uso wake na nikalichora, tone kwa tone, nikifurahi jinsi linavyong'aa. Niliona mdomo wa chini alivyouuma nikasema moyoni, huyu mtoto anajua kuigiza. Kifua chake kilikuwa kinapanda juu juu kwa haraka, na hicho pia nilikichora. Nilipomaliza nilimwonyesha karatasi. Alitaka kusema kitu, pumzi ikakatika, akaanguka kutoka kwenye kigoda.

Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, bodaboda ikatufikisha hospitali ya mjini. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kwenye foleni za namna ile hakuna siri: anayepiga nduru ndiye anayeonwa kwanza, anayenyamaza anangoja. Nesi alipita akimwuliza kila mtu, haraka haraka, maana alikuwa peke yake.

"Unaumwa wapi, mrembo?"

"Siumwi," akasema mdogo wangu.

"Ana sikoseli!" nikadakia. "Hapumui!"

Nesi akamtazama mtoto aliyekaa wima, uso umetulia, mikono mapajani. Kando yetu mwanamume mmoja alikuwa akigaagaa sakafuni akimwita mama yake. "Nitarudi," akasema, akamwendea yule.

Nikapiga magoti mbele ya mdogo wangu. "Lia," nikamwambia. "Nakuomba. Piga nduru, wakuone."

Akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Akainama sikioni mwangu akasema kwa pumzi ndogo ndogo, "Kuna watoto wa shule pale. Wananijua."

Niligeuka nikawaona, wasichana wawili wenye sare, wakitutazama na kunong'onezana. Walimjua kweli. Walimjua kutoka mikononi mwangu.

"Ile ni katuni!" nikamwambia. "Ni uongo! Niliitunga nikila mahindi!"

Hakuniamini. Kwa nini aniamini? Yeye mwenyewe alikuwa ameifanya kuwa kweli kwa miezi saba.

Basi nikalia mimi. Nilijitupa chini nikapiga nduru ambayo sijui ilitoka wapi, nikijishika kifua. Mlinzi akaja mbio, nesi akarudi, wakanipandisha kwenye kiti cha magurudumu. "Wapi? Wapi?" Nikasema, "Kifua, upande wa kushoto, na mgongo, na mapaja yote mawili, na pumzi haiingii." Nikavuta mkono wa mdogo wangu nikauweka kwenye mkono wa nesi. "Lakini si mimi. Ni huyu." Nesi aligusa ule mkono, akashtuka kwa jinsi ulivyokuwa wa moto, na kufumba na kufumbua mtoto alikuwa ndani amewekewa oksijeni.

Daktari alisema maradhi yameshuka mapafuni, na kwamba tungemleta mapema, siku mbili tu mapema, mambo yangekuwa mengine.

Alasiri mama alifika pamoja na jirani yetu wa maziwa. Mama alishika miguu ya mtoto. Jirani ndiye aliyeniuliza imekuwaje, na nilipomweleza habari ya mto na jicho na maumivu, uso wake ulibadilika. Nilidhani atanipiga. Labda angenipiga ingekuwa afadhali.

"Woi! Nani alikwambia hiyo ni ya kila siku?" akafoka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Ile ni ya asubuhi moja! Moja tu! Ikipita, imepita. Yale ya huko jandoni sisi wanawake hatuambiwi, lakini mimi nilizaa yule kijana. Akiumwa jino leo analia kwangu kama ndama. Nyinyi mlichukua kitu chetu bila kuuliza, mkamvalisha mtoto mgonjwa!"

Alikuwa na haki. Tuliishi ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo, na niliona aibu kumwuliza swali moja. Niliona jicho lisilopepesa, sikuona machozi yaliyofuata, kwa sababu vigelegele havipigwi kwa machozi.

Kisha akainama juu ya kitanda, sauti ikashuka. "Mtoto wangu, asubuhi yako ilipita zamani. Ulishinda. Sasa lia."

Uso wa mdogo wangu ukavunjika. "Inauma," akasema. "Mama, inauma sana. Haijawahi kuacha." Na akalia, kilio cha miezi saba, mpaka nesi akaja na sindano ya kutuliza, na hata baada ya sindano aliendelea kulia kidogo kidogo. Mama alimshika. Mimi nilisimama ukutani nikisikiliza jinsi tulivyokuwa hatujui kitu.

Kesho yake alipata nafuu ya kuongea. Aliniita karibu. "Sista, usichore hii. Mimi nikilia."

"Sitachora."

"Uniahidi."

Nikamwahidi. Alifariki siku ya tatu, asubuhi, mama akiwa amemkumbatia. Tulimzika kwetu ziwani, mahali ambapo alikuwa amefika mara mbili tu.

Sikuchora tena. Wasomaji waliuliza msichana wa macho ya manjano ameponaje kwenye ule mtego wa toleo la tisa, nami sikujibu hata mmoja. Ahadi niliitunza, na nilitaka kuitunza mpaka nife, maana ndicho kitu pekee alichoniomba ambacho ningeweza kumpa.

Halafu wiki iliyopita, nikiwa nimepumzika na kikapu changu kando ya barabara ya shamba, ujumbe uliingia kutoka nambari nisiyoijua. Uliandikwa hivi: "Shikamoo. Mimi niko Soin, niko darasa la sita. Mimi pia niko na sikoseli na macho yangu ni kama ya yule msichana. Nimemaliza siku kumi bila kulia hata usiku. Naweza kuingia Majani Magumu?"

Nikapiga ile nambari papo hapo. Ilipokelewa na mwanamke, mama yake, simu ilikuwa yake. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilimsalimu, nikamwuliza mtoto anaendeleaje.

"Oh, siku hizi yuko sawa," akasema, na nilimsikia akitabasamu. "Ametulia kabisa, hata halii. Tunamshukuru Mungu."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Amelala tu. Amejifunika. Kwani ni nani?"

"Mama," nikamwambia, "mfunue."