Ringi ya Mwisho

Fundi wa kuchomelea pale Oyugis siku hizi hatengenezi mageti. Anajenga mnara wa mabomba, kama ule wa kengele za kanisa, ila huu mtu anaingia ndani, na juu yake zinaning'inia ringi kuukuu za lori, zile makanisa ya huku huzigonga badala ya kengele. Kila akifunga ringi huigonga mara moja kwa spana, huitegea sikio mpaka inyamaze yenyewe, ndipo huigonga tena. Asubuhi moja Mama Bochaberi, anayeuza uji ng'ambo ya barabara, alivuka mbio, leso mkononi.

"Fundi, nani ametuacha?"

"Hakuna, mama. Najaribu sauti tu."

"Basi gonga haraka haraka, kama ya ibada! Hiyo ya polepole ni ya msiba."

Fundi akacheka, akazigonga haraka haraka, mpaka akafikia ya mwisho, ndogo, ya pikipiki, iliyopinda upande mmoja. Hiyo hakuinunua kwa wauza vyuma. Aliitoa nyumbani kwake, alikoiweka tangu msiba wake mwenyewe. Aliigonga mara moja, polepole, kisha akaishika kwa kiganja kabla sauti haijavuka barabara.

Mama Bochaberi alijifunga leso kiunoni, akaingia ndani ya mnara, akasimama naye.