Kidole Gumba cha Asukulu

Siku yangu ya kwanza kwenye chuo cha jandarmeri, polisi wa wakati ule, hapa hapa Kalemie, sikupewa bunduki. Nilipewa jembe nikalime nyasi za uwanja, na jioni nikapewa kurasa za sheria kwa Kifaransa nizitie kichwani. Nyinyi vijana munalalamika masomo ni magumu. Aka! Sisi tulikariri maneno ambayo nusu yake hatukuyaelewa, na asiyekariri alirudishwa kwao.

Mwenzetu mmoja wa Manono alisimama siku ya pili akaimwaga sheria ya wizi yote, mbio mbio, bila kupumua. Mkufunzi wetu, tuliyemwita Ajida kwa cheo chake, akamsikiliza hadi mwisho.

"Vizuri," akasema. "Sasa mwizi njo nani?"

"Ni mutu mubaya, Ajida."

"Kama mutu mubaya njo mwizi, nitawafunga wote humu. Wekeni karatasi chini. Munyoshe mukono wa kuume."

Hapo ndipo tulipoanza kusoma sheria kwa vidole. Kidole cha mwisho ni kitu, tena kitu kinachoweza kuhamishwa, maana shamba halibebwi. Cha pili, kitu hicho ni cha mwingine. Cha katikati, kimeondolewa mahali pake. Cha shahada, mwenyewe hakuruhusu. Na kidole gumba ni nia: aliyekichukua alitaka kukifanya chake. Vidole vyote vitano visimame ndipo umwite mutu mwizi. Kimoja kikilala, mwachie aende nyumbani. Ajida alikuwa na mikono ya namna hiyo kwa kila kosa, na hata leo nikiulizwa jambo la sheria vidole vyangu vinatikisika vyenyewe.

Ili tusilisahau gumba, alileta panga. "Jaribuni kulishika bila gumba, tuone." Tukajaribu, likaanguka, tukacheka. Ikafika zamu ya Asukulu, kijana wa Kibembe aliyeshuka na wavuvi kutoka kaskazini ya ziwa. Akalichukua panga, akalizungusha, akamrudishia Ajida kwa heshima. Mkono wake wa kuume haukuwa na kidole gumba! Kamba ya mtumbwi ilikikata akiwa bado mdogo, na vile vinne vilivyobaki vilikuwa na nguvu za koleo.

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Ajida peke yake hakucheka.

"Wewe utaniletea matata," akamwambia. "Kila ukihesabu utaishia kwa vinne. Azima gumba kwa jirani yako."

Jirani nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo, Asukulu akihesabu wizi alimaliza kwa kunishika gumba. Siku ya mtihani wa mdomo tulisimama bega kwa bega mbele ya Kapiteni, na Asukulu alipofika mwisho wa kuhesabu, mkono wake ukaanza kutafuta wangu nyuma ya migongo yetu.

"Nyinyi wawili, munashikana nini?" Kapiteni akauliza.

"Nia, Kapiteni," Asukulu akajibu. Tukapita wote wawili.

Mimi nilipelekwa Kabalo, kwenye stesheni ya gari la moshi, chini ya mkubwa aliyependa sana paredi na kuchukia kuandika. Baadaye nikapanda Kirungu, kule baridi, ambako mashtaka mengi yalikuwa ya mbuzi waliokula mihogo. Asukulu alibaki Kalemie, kwenye posti ya pwani. Peke yake, bila jirani.

Niliporudishwa Kalemie, asubuhi niliyoripoti nilimkuta mama mmoja ndani ya kasho, chumba chetu cha mahabusu, amekaa sakafuni na kitenge kichwani. Alikuwa Mama Zaina, muuza ndakala, dagaa wa ziwa letu. Nilimfahamu tangu siku za chuo. Mara ngapi alitugawia samaki tulipokuwa na njaa! Jirani yake, Mama Riziki, alimshtaki kwamba amemuibia kapu zima la ndakala zilizoanikwa mchangani. Aliyeandika faili alikuwa Asukulu.

Nikaisoma ile pe-ve, maandishi ya mahojiano. Ulizichukua? Nilizichukua. Ni zako? Si zangu. Mwenyewe alikuruhusu? Hapana, hatusemezane. Basi, na sahihi chini.

"Kesi imekwisha," Komanda wetu akasema. "Mama mwenyewe amekubali. Inapanda parke asubuhi hii. Kama una neno, useme kabla ya gari kuwaka."

Parke ni ofisi ya mwendesha mashtaka. Mutu akishafika kule hayuko tena mikononi mwetu, na wakati ule wengi walikaa gerezani wakingojea hadi ndugu zao wakachoka kuwapelekea chakula. Nikamwita Asukulu, nikamshika mkono wa kuume, nikaweka gumba langu pale palipokuwa lake.

"Ndugu, hesabu tena."

Alihesabu. Kitu, ndiyo. Cha mwingine, ndiyo. Kimeondolewa. Hakuruhusiwa. Akafika kwenye gumba langu, akalikamata.

"Sikumuuliza," akasema.

"Munacheza nini hapo?" Komanda akauliza. Asukulu akamweleza mwenyewe, bila kujificha. Komanda akazima sigara. "Basi aulizwe. Nani amekataza?"

Mama Zaina akatolewa. Asukulu akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, ulizichukua ufanye nazo nini?"

"Ufanye nazo nini!" Mama akamkazia macho. "Mvula ilikuwa inakuya, Riziki alikuwa kwenye kilio. Ningeziacha zioze? Ziko kwangu, kwa kapu yake, nimezifunika. Hatusemezane toka tuligombania nafasi ya kuanika, njo maana sikumutumia habari. Nilisema atakuya mwenyewe."

Hapo kila mutu wa pwani anajua. Mvua ikitishia, aliye karibu anaanua ndakala zote, zake na za wengine, na kila mutu anachukua zake jua likirudi. Asukulu, mtoto wa wavuvi, alikuwa ameanua za watu tangu utoto wake! Tukamwita Mama Riziki. Asukulu akamuuliza yeye angefanya nini, mvua ikija na jirani hayuko.

Mama Riziki aliangalia miguu yake. "Ningezianua," akasema.

Mama Zaina akaachiwa aende nyumbani. Mlangoni alisimama mbele ya Asukulu, nikadhani atamtukana, na haki alikuwa nayo.

"Ungeniuliza tu, mwanangu," akasema.

Asukulu hakula siku hiyo. Lakini Ajida alipostaafu, ni yeye aliyeomba nafasi ya mkufunzi, na somo lake la kwanza lilikuwa kuinua mkono wake na kuwauliza vijana, "Munaona nini kinakosekana? Hicho mutauliza kila siku, kwa sababu hakionekani." Alifundisha hivyo hadi tukastaafu, mimi na yeye. Mimi siku hizi nalima mihogo na kugombana na kuku, sina la kulalamikia.

Asukulu tulimzika msimu wa mvua. Tulikuwa kwenye matanga kwake, wote tumekaa, na ndakala za mke wake zilikuwa mchangani, hakuna aliyezikumbuka. Mawingu yakafunga ziwa. Nikamwona Mama Zaina, mzee sasa, anainuka mkekani polepole, anashuka pwani, anaanza kuanua. Alipokuwa anapanda na kapu kichwani, polisi mmoja kijana, mwanafunzi wa Asukulu, akamsimamisha. Nikainuka haraka, maana niliogopa asije akaitwa mwizi tena.

"Shikamoo, mama," kijana akasema. "Hizi ndakala si za mama mufiwa? Unazipeleka wapi?"

Mama Zaina alishusha kapu chini. Alimtazama yule kijana, akaanza kulia, yeye ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi.

"Nazianua, mwanangu," akasema. "Asante kuuliza."

Kijana akalibeba kapu, wakapanda pamoja, na mvua ikawakuta wamekwisha ingia ndani.