Mvua ya Dimanche

Ninaungama kwamba mimi ndiye niliyemwambia yule mama, “Acha tu, mama, ni mambo ya ordinatère, ya kompyuta.”

Nilikuwa nimemsindikiza katika ofisi moja ya mtaa wa Manika. Kijana mtaalamu alikuwa anaunganisha vitabu vitatu vya vipimo vya mvua vya upande wa Nzilo viwe kimoja: cha misheni, cha shule, na cha marehemu mume wa mama huyo, aliyekuwa akipima nyuma ya nyumba yao miaka mingi. Cha marehemu alitaka kukitupa.

“Mama, chombo cha tata, bwana yako, kilikuwa kibovu. Kila dimanche, Jumapili, wenzake wanapata mvua, yeye hapana kitu. Kesho yake, lundi, Jumatatu, maji yake yanapita ya wote.”

Mama akakaza kitenge kiunoni, akacheka polepole.

“Dimanche bwana yangu hakukuwa anapima, mutoto yangu. Ilikuwa siku ya Mungu. Alikuwa anavaa shati ya mweupe, tunaenda kuimba. Mvua ilikuwa inamungojea mu chombo mpaka lundi.”

Kijana akajumlisha dimanche na lundi kwa vyombo vyote vitatu, na hesabu zikakaribiana.

“Basi, tata anabaki,” akasema. Mama akapangusa macho.

Nami nikakumbuka dimanche zetu za zamani, harufu ya pasi ya makaa, na mtaa mzima kimya ukingoja kengele. Siku hizi hata dimanche mashimo ya madini yanachimbwa, na chombo cha kisasa hakijui kupumzika.

Ninyi mnaounganisha vipimo vya wazee wetu, ninawaomba: kabla ya kutupa cha mtu, muulizeni kwanza mjane wake.