Mbwa Aliyelinda Mtungi

Harufu ya mfereji wa maji wa mtaa wetu wa Kaloleni bado iko puani mwangu: sabuni ya kipande, saruji yenye ukungu, na plastiki ya mitungi iliyochomwa na jua. Miaka ile ya tisini maji yalikuja yalipotaka na kupotea yalipotaka, na mimi, kifungua mimba wa mama muuza sukuma wiki na baba kibarua wa Industrial Area, ndiye niliyekuwa waziri wa maji nyumbani. Mgongoni nilimbeba mdogo wangu, jikoni maharagwe yakichemka, na hesabu za mwalimu zilinisubiri mpaka zikachoka. Shuleni sikufika mbali, lakini akili ya kupanga kazi nilizaliwa nayo, nalisema bila aibu. Waliofika mbali, wengine nimewaajiri.

Kwenye foleni, mtungi ndio mtu. Unauacha, unakwenda zako, na aliye nyuma anausukuma mbele kwa mguu. Mimi nikaona heri nimwachie Tomi, mbwa wetu wa kahawia mwenye sikio moja lililolala. Alikaa kando ya mtungi kama askari wa geti, nami nikakimbia kugeuza maharagwe, nusu yangu jikoni, nusu mferejini. Kumbe Tomi hakujua desturi. Jirani yetu Mama Atieno alipoinua mguu kuusukuma mtungi, alionyeshwa meno yote. Watu wakatupita, nikarudi nikakuta tumekuwa wa mwisho.

"Wewe kijana, huyu amesomea wapi?" Mama Atieno aliniuliza. "Nasaidia mtungi wenu utembee, yeye anataka mguu."

"Hajakuzoea, mama."

"Basi akishaumaliza huu, mwambie nina mwingine."

Wanawake walicheka, lakini jioni habari ilimfikia baba. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi. "Nikisikia tena mambo ya meno," alisema akivua viatu, "huyu mbwa anaenda kulinda godauni kule kazini, na harudi."

Tangu hapo sikutulia mahali. Tomi ndiye aliyelala juu ya miguu yangu, na katika nyumba ile nzima ndiye pekee ambaye hakunituma kitu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nikaanza kuweka kando ukoko wa ugali, nikawagawia Mama Atieno na wenzake, kila mmoja amlishe Tomi kwa mkono wake. "Nilee wangu, nilee na mbwa wa watu," alinung'unika Mama Atieno, lakini alimlisha. Majuma machache tu, mama huyo akiinua mguu kuusukuma mtungi, Tomi anasogea mwenyewe pamoja nao. Baba hakutaja godauni tena. Mtoto gani mwingine mtaani angewaza hivyo?

Ila Tomi naye alipiga hesabu zake. Kwa nini angoje mkono mmoja nyumbani, na mferejini iko mingi? Akahamia huko. Nikimwita, alitingisha mkia, akabaki kwenye kivuli cha Mama Atieno. Nilimwokoa asipelekwe godauni, na miguu yangu ikalala na baridi.

Leo nina nyumba ya mawe Ruai, kisima changu, malori ya maji yenye jina langu ubavuni, na mbwa wanne wakali. Hakuna anayeruhusiwa kuwalisha ila mimi, hata mke wangu anajua. Asubuhi nauzunguka ua na sufuria yao, simu mbili zikilia mfukoni, nao wananifuata hatua kwa hatua. Nikishaiweka chini, hakuna anayeinua kichwa kunitazama. Nasimama pale kidogo, kisha napokea simu.