Nilivyomrudisha Ng'ombe wa Paskalina

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha hunikaba koo hadi leo. Baba alitoka Singida kuja kufanya kibarua kwenye shamba la kahawa kule Karatu, nami nikakulia kambini, miaka ya sabini. Msimu wa kuchuma ulipofika, sisi watoto tulitoka shule moja kwa moja hadi shambani. Tuliwekwa wawili wawili, kila jozi mti mmoja, kila mtu upande wake, wala hakuna aliyeruhusiwa kuhama mpaka mwenzake amalize. Mwenzangu alikuwa Paskalina, Mwiraqw aliyekaa ng'ambo ya korongo. Tulikuwa chanda na pete. Kwa kuwa majani yalituzuia kuonana, tulijiliwaza kwa kutunga hadithi: yeye anaanza, mimi napokea, hadi mti unaisha.

Iliyotukaa moyoni zaidi ilikuwa ya mwaka wa ukame kule kwenye nyanda kavu za Olbalbal. Paskalina alimleta ng'ombe mweupe anayenusa maji yaliko. Mimi nikamleta msichana kipofu anayemfuata ameshika mkia wake. Mwalimu alipotupa kazi ya kuandika insha, niliandika hiyo. Sikuuliza mtu, kitu changu nikiombee ruhusa kwa nani? Mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima, akanisifu mpaka nikaona haya. Paskalina alifunika karatasi yake kwa viganja. Naye alikuwa ameandika ileile, na sasa nani angemwamini? Mchana ule aliomba kuwekwa mti mwingine. Kabla ya kwenda akaniambia, taratibu tu, "Umeniibia ng'ombe wangu."

Kwao Wairaqw, watu wa mifugo, hilo si neno la mchezo. Jioni mama yake alikuja kambini, akasalimiana na baba kwa heshima, wakaongea hadi chai ikapoa. Baba alinitetea kwamba maneno hayapigwi chapa kama mifugo. Mama yule akajibu kuwa ndiyo maana mwenye nayo akiibiwa huumia zaidi, hana alama ya kuonyesha. Wakaelewana kwamba nikamrudishe ng'ombe kwa maneno. Jumapili nilikwenda kwao, nikaketi karibu na mafiga, nikaisimulia hadithi yote mbele ya jamaa zake. Kisha nikasema, kama nilivyoagizwa, kwamba ng'ombe nimemrudisha zizini na sitamtoa tena. Mama Paskalina akanipa maziwa.

"Yameisha, mwanangu," akasema.

Nikamtazama Paskalina. Alikuwa analia, nikajua kwamba hakuwa na haja na ng'ombe. Alitaka mwalimu alisikie jina lake kwenye hadithi ile. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Msimu ulipokwisha, kibarua cha baba nacho kikaisha, tukarudi Singida. Sikumwona tena, na uchungu wake ninao mpaka leo.

Siku hizi nikipita Karatu naona magari ya watalii yakipandisha kuelekea kreta, na watoto wa shule wakinakili hadithi nzima kutoka kwenye simu bila mtu kuwauliza. Huenda wameepukana na maumivu yetu. Huenda pia hawaijui raha ya kupokewa hadithi na mtu usiyemwona. Wajukuu wangu wanampenda sana yule msichana kipofu. Huwasimulia anavyovuka Olbalbal mkono mmoja kaunyoosha mbele, jua kali, vumbi tupu. Kila mara huniuliza ameshika nini. Ng'ombe simtaji, maana niliahidi, na hadithi yangu huishia hapo, kabla msichana hajafika kwenye maji.