Ua la Miiba Mlangoni kwa Kaka Yake Nora

Niliondoka Riverdale Park, huku Marekani, mwezi wa Mei, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kwa sababu bibi mmoja wa Bowie aliogopa kubisha hodi peke yake. Bi Nora alikuwa mjane wa miaka sabini na ushee, mzaliwa wa Ayalandi, nami nilikuwa mtunzaji wake: dawa, chai, kumpeleka kanisani kwa gari. Wanawe waliambiwa tunakwenda kwenye matembezi ya kuongozwa, kuona ndege, maua na magofu ya kale. Mimi peke yangu niliambiwa kwamba njia ya matembezi inapita mbele ya nyumba aliyozaliwa, kwamba kaka yake bado anaishi humo, na kwamba hawajasemezana tangu mama yao azikwe.

“Mume wangu alikuwa mahututi, sikuweza kwenda kuzika,” alisema. “Patrick hakulikubali hilo hata kidogo.”

Nani kati yetu tulioko huku hajawahi kulilia msiba kwenye simu?

Siku ya kufunga mizigo, Wanjiru, Mkenya niliyepanga naye nyumba, alinisimamia mlangoni akicheka. “Manka, yaani unapanda ndege uende kuwalk kwa matope na wazee? Si hata kwetu Limuru matope iko, na huko utapewa chai.”

Tulitua magharibi mwa Ayalandi asubuhi yenye manyunyu. Kule watu huchimba udongo mweusi bondeni, wakaukausha na kuuchoma kama kuni, na moshi wake ulitukuta njiani. Nikaikumbuka Kibosho kwetu mwezi wa Julai, ukungu umeshuka mpaka migombani na mama anapuliza moto. Nilijikaza nisilie mbele ya dereva.

Kesho yake, manyunyu yakiendelea, baada ya kifungua kinywa tulimkuta kiongozi wetu, Brendan, mwalimu mstaafu mwenye fimbo na buti zilizochakaa. Tulikuwa kikundi kidogo. Alitembea polepole, akatusimamisha kila ndege alipolia, na kwenye mteremko mmoja akatuonyesha mistari chini ya majani, imepangika toka juu mpaka chini.

“Matuta ya viazi,” alisema. “Waliolima hapa walikufa kwa njaa kuu, au walipanda meli wakaenda zao. Hayajalimwa tena.”

Wenzangu walipiga picha, mimi nikainama kuyagusa. Kwetu shamba likiachwa msimu mmoja tu, jirani huuliza mwenyewe yuko wapi. Haya yalikuwa yameachwa zaidi ya karne na bado yalijulikana ni matuta. Sijui kwa nini nilitamani sana kuwa na jembe.

Mbele kidogo, pale njia inapokata kona, Bi Nora alisimama. Nyumba ilikuwa nyeupe, mlango wa buluu, moshi juu ya paa. Kikundi kiliendelea na Brendan, tukabaki wawili.

“Turudi, Manka.”

“Tumetoka mbali, Bi Nora.”

“Nitamwambia nini?”

Kando ya njia palikuwa na mti wa miiba uliojaa maua meupe. Nikamweleza desturi ya kwetu Uchagani: ukimkosea mtu, unakwenda kwake na jani la sale, ule mmea tunaopanda mipakani. Huhitaji maneno. Akiliona tu, hana budi kukusikiliza. Sale halikuwepo, lakini nikaona mti ni mti. Nikavunja kitawi chenye maua, nikamkabidhi. Alikitazama sana, akataka kusema jambo, akanyamaza. Kisha akashika njia ya kwenda mlangoni.

Aliyefungua mlango alikuwa mzee mrefu mwenye sweta la kijivu. Alimtazama dada yake, akatazama lile ua, uso ukakunjamana.

“Hilo haliingii humu ndani, Nora.”

Nikarudi nyuma hatua moja.

“Mama angekuchapa,” akaongeza.

“Angekuchapa wewe,” Bi Nora alijibu, “kwa kuniacha nje na mvua hii.”

Mzee alilichukua ua kwa ncha za vidole, akaenda kuliweka juu ya ukuta wa mawe getini. Aliporudi alimshika dada yake mkono wakaingia. Nilinywa chai yao nikilia waziwazi, na hakuna aliyeniuliza.

Jioni Brendan alinieleza, uso umempauka: mti ule hauvunjwi, na maua yake yakiingizwa nyumbani, watu husema yanaita kifo. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza Bi Nora kama alijua.

“Tangu utotoni,” alisema. “Lakini ulishaniambia kwenu lina maana gani.”

Tulirudi Bowie, kwenye dawa zake na foleni za magari. Bi Nora sasa amelala makaburini. Siku zote nilidhani sale lina nguvu kwa sababu wazee wetu walikubaliana hivyo. Kule hakuna aliyekubaliana na yeyote, na mlango ulifunguliwa kwa sababu mtu alitembea mpaka pale.

Tangu safari ile mpaka alipofariki, simu yake ililia kila Jumapili baada ya misa. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, aliweka sauti juu, nami jikoni nilisikia yote.

“Una kitu mkononi?” Patrick aliuliza.

“Sina.”

“Basi ingia.”

Na kila mara, kabla ya kujibu, Bi Nora alikitazama kwanza kiganja chake.